Nansio Wamefunga Mbili

Katika timu yetu hakuna anayesema kwamba timu fulani imefungwa. Tunasema imekula. Imekula moja, imekula tatu. Na iliyofunga tunasema imepiga. Mgeni akija mazoezini akasema jana fulani wamefungwa mbili, wadogo watamjibu kwa pamoja, "Wamekula!" na hawatamwacha mpaka arudie. Wengi wao hawajui sheria hiyo ilianzia wapi. Ilianzia kwangu. Nimeona niiandike, maana kuisimulia nimejaribu mara kadhaa na kila mara naishia katikati.

Nilisoma mpaka darasa la saba. Natengeneza majiko ya mkaa Mabatini, na wakati ninaouzungumzia nilikuwa na miaka kumi na saba na nilikuwa golikipa wa timu ya vijana ya mtaa. Mwalimu wetu wa mpira hakuwa mwalimu wa shule. Alikuwa fundi bati, mtu wa ndoo na mifereji ya kukinga maji ya mvua, na kibanda chake kilipakana na changu. Tulimwita mwalimu tu, kama timu nyingi zinavyowaita makocha wao.

Kwenye ukuta wa kibanda chake alitundika bati bapa, refu kama mlango, alilolipaka rangi nyeusi. Hapo ndipo ulipoandikwa msimamo wa ligi. Ligi ilikuwa ya vijana wa chini ya miaka kumi na minane. Timu zilikuwa kumi, tisa za upande wetu wa ziwa na moja ya Nansio, kule kisiwani Ukerewe. Kila timu ilikutana na kila timu nyumbani na ugenini, kwa hiyo mechi zilikuwa kumi na nane. Nne za juu ziliingia hatua iliyoitwa nne bora, yaani nusu fainali na fainali, kwenye uwanja wenye majukwaa na nyavu golini. Timu ya tano ilirudi nyumbani sawasawa na ya kumi.

Msimamo niliuandika mimi. Mwalimu alinipa kazi hiyo kwa sababu mwandiko wake mwenyewe ulimshinda kuusoma. "Huyu anaandika kama anachonga," aliwaambia wenzangu. Ni kweli nachelewa. Herufi naipa muda wake, na mtu akisimama nyuma yangu akaniangalia, naipa muda mara mbili. Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kufungua kibanda changu, nilifuta bati kwa kitambaa kibichi, nikangoja likauke, kisha nikaandika safu zangu: MECHI, SHINDA, SARE, POTEZA, FUNGA, FUNGWA, POINTI.

Mwanzoni mwa msimu ule bati lilinipungukia. Nilipofika safu ya magoli ya kufungwa, nafasi ya herufi moja ilikosekana. Nikafikiri kila mtu ataelewa, nikaandika FUNGA mara mbili. Mama mmoja aliyekaanga samaki ng'ambo ya barabara ndiye aliyeliona kwanza.

"Wewe mtoto," aliniita, "mbona kwenu kila mtu anafunga tu? Nani anafungwa?"

"Hao wamefunga Ramadhani, mama," fundi cherehani akamjibu kutoka kibarazani kwake. "Timu nzima imefunga. Golikipa, futari saa ngapi?"

"Bora wafunge. Wangefungwa, tungehangaika kuwapelekea chakula gerezani."

Utani huo ulidumu wiki nzima. Watu ambao hawakuwahi hata kwenda uwanjani walipita wakaniuliza kama nimefunga. Nilicheka kidogo. Kisha nikafuta bati lote, nikabana majina ya timu, W ikapata mahali pake. Tangu siku hiyo niliiandika kubwa kuliko herufi nyingine zote. Nalitaja hili ili ieleweke kwamba katika mtaa ule hapakuwa na mtu aliyeijua herufi hiyo kuliko mimi.

Uwanjani tatizo langu lilikuwa sauti. Golikipa anauona uwanja wote, mabeki wanaona nusu, kwa hiyo inampasa awapange. Mimi mipira nilizuia, lakini kelele sikupiga. Nilipotaka kumwambia mtu kwamba kuna adui nyuma yake, nilimwambia, ila kama mtu anayeomba kupitishiwa chumvi mezani. Beki wetu wa kati, kijana mrefu mwenye maneno mengi, alichoka nami mapema.

"Huyu hasemi," aliwaambia wenzake. "Huyu anatuandikia barua. Itatufika kesho."

Nyumbani kwetu sauti yote alichukua dada yangu. Yeye ni mkubwa kwangu kwa miaka minne, anasuka nywele, na akimwita mtu upande mmoja wa soko, wanaitika wa upande wa pili. Mechi zetu zote alisimama nyuma ya goli langu, na kipindi cha pili nilipohama, alihama nami. Alipiga kelele zangu na zake. Mara nyingi alisema neno moja tu, "Pandeni!" hata tulipokuwa tunaongoza, hata mpira ulipokuwa umetoka nje. Nilijifunza kutomsikia.

Kapteni wetu alikuwa nambari tisa. Aliuza vipuri vya baiskeli pamoja na baba yake, vibanda vichache kutoka kwetu. Mwezi wa kwanza angetimiza miaka kumi na minane, na viongozi wa ligi walikagua vyeti vya kuzaliwa bila mchezo, kwa hiyo msimu ule ulikuwa wa nne kwake na wa mwisho. Msimu wa kwanza alimaliza nasi nafasi ya sita, wa pili ya tano, wa tatu ya tano. Alipokuja Jumatatu kusoma bati, hakuanzia juu kama watu wengine. Alianzia mstari wa nne, akasoma kushuka.

"Mimi nataka kuicheza hiyo nne bora mara moja," aliniambia siku moja, nikiwa bado nimeshika chaki. "Hata tukipigwa tano. Nitoke kwenye uwanja wenye majukwaa nimechoka, basi."

Niliendelea kuandika. Alikuwa amenizoea.

Zilipobaki mechi tano tulikuwa wa nne na Nansio walikuwa wa saba, na hakuna aliyewaangalia. Kisha timu moja iliyotakiwa kwenda kucheza kwao ikachelewa kivuko. Wachezaji walifika gatini na mabegi yao wakakuta chombo kimeshaondoka, na kabla hawajapata kingine saa ya mechi ilikuwa imepita. Nansio walisimama uwanjani kwao mbele ya goli tupu, mwamuzi akapuliza filimbi, wakapewa pointi tatu za mezani. Wiki iliyofuata wakashinda mechi ya kweli. Iliyofuata, tena. Kila Jumatatu nililiandika jina lao mstari mmoja juu ya pale nilipoliandika wiki iliyotangulia. Watu wakaanza kusimama mbele ya bati muda mrefu, na kila mmoja alikuwa na hesabu yake.

"Hawa wakitoka sare, nyie mkishinda, mmemaliza," alisema fundi cherehani.

"Na wakishinda?"

"Wakishinda, mtajua wenyewe."

"Mpeni golikipa chaki awaandike wamepoteza," alisema yule mama wa samaki. "Si ndiye anayeandika?"

Wiki ya mwisho timu tatu za juu zilikuwa zimekwisha kujihakikishia. Ilibaki nafasi moja. Sisi tulikuwa na pointi ishirini na saba, Nansio ishirini na sita. Mwalimu alitukusanya mbele ya bati akatueleza mara mbili, ya pili kwa kugonga bati kwa kidole. Tukiwashinda Pasiansi, wapinzani wetu wa mwisho, tumeingia, Nansio wafanye wanavyotaka. Tukitoka sare, tunaingia ikiwa tu Nansio hawajashinda. Na Nansio wakipoteza, tumeingia hata tukipoteza sisi.

"Kwa hiyo lazima tujue cha Nansio," alisema kapteni.

Mechi zote za mwisho zilianza saa kumi jioni, kwa wakati mmoja, ili mtu asicheze huku akijua matokeo ya mwenzake. Sheria hiyo ilitungwa kabla ya kila mtu kuwa na simu. Shangazi yangu, dada yake baba, anaishi Nansio, na nyumba yake inatazamana na uwanja. Tulipokwenda kule mwanzoni mwa msimu alitupikia wote viazi vitamu na samaki, na mwalimu alikuwa bado anamkumbuka kwa heshima. Ikakubaliwa kwamba shangazi ataketi kibarazani kwake aangalie, na goli likiingia atampigia dada. Dada atakuwa nyuma ya goli langu. Dada ataniambia mimi, na mimi nitawaambia wenzangu.

"Huyu?" beki wa kati aliuliza.

"Yeye ndiye aliye karibu," alisema mwalimu. "Safari hii atasema."

Uwanja wa Pasiansi ule tuliochezea uko karibu na ziwa, na jioni upepo unatoka majini moja kwa moja mpaka golini. Kipindi cha kwanza tulicheza tukiupa upepo mgongo. Kapteni alifunga kwa kichwa, kona, dakika ya ishirini hivi. Alikimbia mpaka kwenye kibendera, akageuka, akaonyesha vidole vinne. Sisi tulimwelewa. Watu wa Pasiansi walidhani anawaahidi magoli manne, wakamzomea.

Kipindi cha pili tulibadilishana magoli, upepo ukawa unanipiga usoni. Wakasawazisha mapema. Mpira wa juu ulipaa, upepo ukausimamisha, nikatoka kuufuata ukanipita. Sikuwa nimesema "wangu." Beki wa kati alinitazama tu.

Tulikuwa moja kwa moja, zimebaki kama dakika kumi na tano, simu ya dada ilipoita. Nilimsikia nyuma yangu.

"Shangazi, shikamoo. Eeh. Nani? Sema kwa nguvu, huku upepo. Eeh! Ngapi? Haya shangazi."

Kisha akaniita kwa jina langu la nyumbani, lile ambalo wenzangu hawalijui, akasema Nansio wamefunga mbili.

Ndivyo alivyosema. Sasa najua. Mimi nilisikia Nansio, nikasikia mbili, na katikati nikasikia upepo. Dada hana uso wa habari mbaya na uso wa habari nzuri. Zote anazipigia kelele kwa uso mmoja. Nikageuka nikamuuliza, "Wamefungwa?"

Niliuliza kwa sauti yangu ile ya siku zote.

"Eeh!" alisema dada. "Mbili!"

Nikageukia uwanja. Mpira ulikuwa mbali, upande wao. Niliweka mikono mdomoni nikapiga kelele, "Nansio wamefungwa mbili!" Nikarudia mara tatu. W niliitoa kifuani, kila mara, ilisikika mpaka kwa mshika kibendera wa upande wa pili, ambaye aligeuka kuangalia ni nani huyo. Sikuwahi kusikia sauti yangu ikienda mbali kiasi hicho. Beki wa kati alinyanyua mikono miwili juu, akacheka, akanionyesha dole gumba. Ilikuwa mara ya kwanza msimu ule.

Mambo yaliyofuata yalikwenda kwa mpango mzuri. Nansio wakipoteza tulikuwa tumekwisha kuingia. Kapteni alikuwa na kadi moja ya njano kutoka mechi iliyotangulia, ambapo alibishana kuhusu kuotea. Angepata nyingine, angekosa mechi inayofuata, na mechi inayofuata ilikuwa nusu fainali. Alimkimbilia mwalimu pembeni, akanyanyua kidole kimoja kumkumbusha kadi. Mwalimu akafikiri kidogo, akakubali. Mpira ulipotoka, kapteni akavua kitambaa cha mkononi, akakitupia beki wa kati, akatoka nje akitembea. Hakuwa amechoka. Nilimwona akikaa kwenye nyasi, akivua viatu, akivaa ndala. Badala yake aliingia beki mwingine, na timu yote ikarudi nyuma kwangu.

Dada nyuma yangu alikuwa anapiga kelele, "Pandeni! Mnarudi nini? Pandeni!" Nilifanya kama nilivyozoea.

Zile dakika kumi na tano nilizicheza vizuri kuliko mechi yoyote. Sauti ilikuwa imeshafunguka, ikabaki wazi. Niliwaita mabeki, niliwapanga, nilisema "wangu" na mpira ukawa wangu. Tuliupiga nje kila ulipotufikia. Watu wa Pasiansi, ambao walikuwa katikati ya msimamo na hawakuwa na cha kupata wala cha kupoteza, walitushangaa. Mmoja wao, mshambuliaji wao, alinisogelea akisubiri kona.

"Nyie vipi, sare inawatosha?" aliuliza.

"Inatutosha," nilimjibu, kwa sauti.

Filimbi ya mwisho ilipolia tuliruka. Kapteni alikuja mbio na ndala zake, moja ikamvuka njiani, akanikumbatia mimi kwanza kabla ya wengine. "Umesema!" aliniambia sikioni. "Leo umesema!" Beki wa kati alinibeba mgongoni. Mwalimu alikuwa amekaa chini ameshika kichwa, anacheka.

Dada alikuja kutoka nyuma ya goli polepole. Ilikuwa ajabu kumwona akitembea polepole.

"Mnashangilia nini?" aliuliza.

"Nne bora, dada!" alisema kapteni.

"Nne bora ipi? Nansio si wameshinda? Shangazi kapiga tena sasa hivi. Mpira umeisha. Mbili bila."

"Mbili bila wamefungwa," alisema beki wa kati, akiwa bado amenibeba.

"Wamefunga," alisema dada. "Nilisema wamefunga."

Beki wa kati akanishusha. Kapteni aliwatazama wote mmoja mmoja, kisha akauliza bila hasira, "Nani kasema wamefungwa?"

Nilinyoosha mkono, kama darasani. Sijui kwa nini nilifanya hivyo, maana wote walikuwa wameshanisikia. Nansio walikuwa na pointi ishirini na tisa. Sisi ishirini na nane.

"Basi leo barua imefika," alisema beki wa kati. Hakuna aliyecheka, na yeye mwenyewe nadhani alijuta, kwa sababu aliinama kufungua kamba za viatu vyake na akazifungua kwa muda mrefu.

Kapteni alirudi kuitafuta ile ndala iliyomvuka. Aliipata, akaivaa, akasimama pale katikati ya uwanja kidogo. Watoto wa Pasiansi walikuwa wameshaingia kucheza mpira wao, wakawa wanampita kushoto na kulia. Mwalimu alisema, "Haya, kusanyeni vitu," tukakusanya vitu.

Nyumbani dada alinikalia mbele.

"Mimi nilikujibu eeh. Nilijua unauliza wamefunga."

"Niliuliza wamefungwa."

"Mbona hukuuliza kwa nguvu?"

"Niliuliza."

"Mimi nilikuona mdomo tu," alisema. "Nikaona mdomo unacheza, nikasikia funga."  Baadaye shangazi alipiga simu akitaka kujua tumeendeleaje, akiwa na furaha ya watu wa Nansio, ambao walikuwa bado wanaimba mbele ya nyumba yake. Dada alitoka nje kuongea naye. Sikusikia alimwambia nini.

Nilifikiri juu ya jambo hilo kwa siku mbili kama mtu anavyochunguza jiko lililopasuka. Dada alisema sawa. Shangazi alisema sawa. Upepo ulikuwa upepo. Mimi nilisikia nilichotaka kusikia, hilo nalikubali, lakini hata hivyo niliuliza, na kuuliza kungetosha. Ile W niliinong'ona pale ilipotakiwa isikike, kisha nikaipigia kelele pale ambapo haikuwapo. Sikupata mahali pengine pa kuuweka ufa.

Jumatatu nilikwenda kwenye bati mapema kuliko kawaida, nikitumaini kumaliza kabla watu hawajafungua. Sikumaliza. Naandika polepole. Nilikuwa kwenye mstari wa saba kapteni alipofika na funguo za duka la baba yake mkononi. Alisoma kama kawaida yake, kuanzia wa nne kushuka. Niliendelea kuandika mpaka wa kumi bila kugeuka. Nilipoweka chaki chini alikuwa bado yupo.

"Nisomee," alisema.

"Si unaona?"

"Naona. Nisomee." Akavuka barabara, akasimama karibu na yule mama wa samaki aliyekuwa anawasha moto wake, akageuka akanitazama. "Anzia wa nne!" alisema kutoka kule.

Nikasoma. Nansio, mechi kumi na nane.

"Sijasikia!"

Nikaanza tena. Nikasoma Nansio, shinda nane, sare tano, poteza tano. Nilipofika kwenye magoli alinisimamisha.

"Wamefunga ngapi?"

Nikamwambia.

"Wamefungwa ngapi?"

Nikamwambia.

"Hiyo ya pili sijaisikia vizuri. Rudia."

Nikarudia. Fundi cherehani alikuwa ametoka kibarazani na futi yake shingoni. Mwalimu alifungua mlango wa kibanda chake nusu, akatuona, akaacha ulivyo. Yule mama aliuliza kuna nini, kapteni akamwambia, "Anajifunza kusoma, mama."

"Si alimaliza darasa la saba huyu?"

"Alimaliza. Ila la kusoma kwa ng'ambo hawakumfundisha."

"Basi na hilo neno lenu liacheni," alisema mama huyo, akipepea moto. Habari alikuwa ameshazisikia, kama mtaa wote. "Funga, fungwa, funga, fungwa. Mtu aliyefungwa si amekula? Semeni amekula. Hapo hata kiziwi anaelewa."

"Umesikia?" kapteni aliniuliza kutoka kule. "Kuanzia leo wamekula."

"Nimesikia."

"Sijakusikia!"

"Nimesikia!"

"Haya. Wa tano."

Nikageukia bati. Mabatini, nikasoma. Mechi kumi na nane. Shinda saba, sare saba, poteza nne. Tumepiga ishirini na nne. Hapo lori la mchanga likapita kati yetu, nikangoja lipite. Lilipokwisha kupita alikuwa bado amesimama palepale, amekunja mikono, uso ule ule. Tumekula kumi na tisa, nikasema. Pointi ishirini na nane. Nafasi ya tano.

Alinyanyua mkono mmoja juu kuonyesha kwamba imefika. Kisha akaenda kufungua duka la baba yake.

Mchana ule nilizungumza na wateja kwa sauti iliyokwaruza. Mmoja, mama aliyekuja kuchukua jiko lake, aliniuliza kama sauti niliiacha mpirani. Nilimwambia hapana, nilikuwa nasoma.